Kidonda cha mjomba, kirusi cha HPV, na swali la "umekitoa wapi?"

Siku hizi ukitaka kuvunja ndoa ya watu walioishi pamoja tangu enzi za Nyerere, huhitaji nyumba ndogo. Ujumbe wa WhatsApp unatosha. Ulioingia kwenye kundi la ukoo wetu ulikuwa na alama za mshangao kila mstari: kansa ya mdomo inaletwa na ngono ya mdomo, kirusi chake kinaitwa HPV, hakina dawa, sambaza uokoe maisha. Wakati huo mjomba wangu wa Newala alikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi ambacho kilikuwa kimegoma kupona. Mkewe akausoma ule ujumbe, akaunganisha moja na jingine, akaweka simu chini na kumuuliza mumewe: "Hiki umekitoa wapi?"

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, hapa Mtwara mjini, na katika ukoo wetu mwalimu wa baiolojia anahesabika nusu daktari. Kwa hiyo simu ya usiku ikaja kwangu. Asiyetujua sisi wa huku kusini pengine hatauona uzito wake. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti: ndiye aliyesimama siku ya jando langu, ndiye aliyepokea barua ya posa ya dada yangu. Mpwa hamuulizi mjomba mambo ya chumbani, hata kama dunia inaungua. Mambo yote ikabidi yapite kwa mkewe, ambaye alikuwa analia na kufoka kwa zamu.

Ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Ungekuwa uongo mtupu ningemaliza kazi kwa dakika mbili.

HPV ni familia kubwa ya virusi, aina zaidi ya 200, na aina nyingi hazina makuu. Zipo zinazootesha chunjua mikononi mwa watoto. Aina namba 6 na 11 huleta sunzua sehemu za siri. Kundi dogo, kama dazeni moja hivi, ndilo linaloweza kusababisha saratani, na wakubwa wa kundi hilo ni namba 16 na 18. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake ndio waliokitambua kirusi namba 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1983, na namba 18 mwaka uliofuata. Kabla ya hapo wataalamu wengi walikuwa wanamshuku kirusi mwingine kabisa. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo tunajua kwamba 16 na 18 peke yao hubeba takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani, na hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa kuwaua wanawake wa Tanzania.

Sasa kirusi hichohicho kinaweza kukaa kinywani. Njia kuu ya kufika huko ni ngono ya mdomo, na hapa siwezi kuzungukazunguka maana ndilo lililotuleta. Kubusiana kwa ndani nako kunatajwa kama njia inayowezekana. Kunywea kikombe kimoja au kula sahani moja si njia inayojulikana ya kukisambaza, kwa hiyo wale walioanza kumtengea mjomba kikombe chake walimwonea bure. Kwanza saratani yenyewe haiambukizi. Kinachoambukiza ni kirusi, tena hupita watu wakigusana ngozi kwa ngozi, na watu wengi sana waliowahi kuwa na mwenza wamewahi kukutana nacho sehemu moja au nyingine ya mwili bila kujua. Hakiwashi, hakileti homa, hakitoi usaha. Mwili wenyewe hukifukuza, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili, na hadithi inaishia hapo.

Kuna uchunguzi mkubwa uliofanyika Marekani mwaka 2009 na 2010, watu wa umri wa miaka 14 hadi 69 wakasukutua na yale maji yakapimwa. Karibu watu 7 katika kila 100 walikutwa na aina fulani ya HPV kinywani. Wenye namba 16, ile mbaya, walikuwa mtu 1 katika 100. Wanaume walikuwa nacho karibu mara tatu ya wanawake. Na hata huyo mmoja katika mia si kwamba anayo saratani. Kwa wachache tu kirusi hung'ang'ania, kikakaa miaka kumi, ishirini, hata thelathini, kikiziharibu chembe za mwili polepole kwa kuzinyang'anya protini mbili zinazozizuia zisizaliane ovyo.

Ukishaielewa hiyo miaka ishirini au thelathini, swali la "umekitoa wapi" linakosa nguvu. Hata kama kidonda cha mjomba kingekuwa cha HPV, kirusi kingeweza kuwa kimeingia kabla hajamjua huyu mke, au mke ndiye aliyekuja nacho bila kujua, au kimetoka kwenye uhusiano ambao wote wawili wameshausahau. Hakuna kipimo kinachosema kiliingia lini wala kutoka kwa nani. Nilimwambia hivyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, usimtetee mjomba wako."

Haya, nikaingia kwenye hoja ya pili, ambayo ule ujumbe haukuigusa kabisa. HPV ikileta saratani maeneo ya kinywani, kwa kawaida haiileti kwenye ulimi unaouona ukijiangalia kwenye kioo. Huileta kwenye koromeo: kwenye mafindofindo na kwenye shina la ulimi, kule nyuma unakotapika ukigusa kwa kidole. Sababu yake ni ya kimaumbile. Uso wa mafindofindo si laini, umejaa vishimo na mikunjo inayoingia ndani, na ngozi ya chini ya vishimo hivyo ni nyepesi na ina matundutundu ili chembe za kinga ziweze kupita na kukagua kinachomezwa. Hapo kirusi kinazifikia kwa urahisi chembe za tabaka la chini, ambazo ndizo kinazozitaka. Kwenye ubavu wa ulimi, kwenye shavu na kwenye fizi, ngozi ni nene na kazi hiyo ni ngumu.

Saratani ya ulimi wa mbele, ya sakafu ya mdomo, ya shavu na ya fizi ina wenyewe, na tunawafahamu. Tumbaku ya kuvuta. Tumbaku ya kubwia. Pombe. Na huku pwani, kwa wazee waliobaki na mazoea, tambuu: lile jani lenye popoo, chokaa, katu na pengine tumbaku. Wengi hudhani kibaya humo ni tumbaku tu. Hapana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao Lyon, Ufaransa, lilitamka mwaka 2004 kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Hufanya pia mashavu kukakamaa, mpaka mtu anashindwa kupanua mdomo. Tumbaku na pombe vikikutana kwa mtu mmoja hatari haijumlishwi, inazidishwa.

Mjomba alianza misokoto akiwa kijana wa kupalilia mikorosho. Sigara za dukani zikafuata, kisha akahamia kwenye ugoro, ambao aliuweka kwenye kibati kidogo mfukoni na kuubwia upande uleule miaka nenda miaka rudi. Msimu wa mabibo ukifika, uraka haukumpita, na gongo iliyokenekwa kutokana na mabibo hayohayo nayo haikuwa mgeni. Nilipomsomea mkewe orodha hiyo kwenye simu, kukawa kimya.

"Kwa hiyo ni ugoro?"

"Sijakiona kidonda, mama. Ila kwa mahali kilipo na kwa maisha yake, ningeushika ugoro na pombe kabla ya kumshika mwanamke yeyote."

"Afadhali ugoro," akasema. Kesho yake kile kibati kilizama chooni pamoja na ugoro wake.

Nchi za Magharibi hali imegeuka. Huko watu wamepunguza sigara, na saratani ya koromeo ya HPV imepanda mpaka, kwa takwimu za Marekani za mwaka 2015, imeipita ya mlango wa kizazi kwa idadi ya wagonjwa. Wengi wao ni wanaume wa makamo. Habari hizo ndizo zinazotafsiriwa haraka haraka na kutumwa kwetu kama zilivyo. Lakini tafiti zilizofanyika Afrika kusini mwa Sahara zimekuta HPV ina sehemu ndogo tu katika saratani za koo na kinywa. Huku kwetu kirusi hiki kazi yake kubwa ni kwenye mlango wa kizazi. Kansa ya mdomo ya Newala, Tandahimba au Nachingwea, kwa sehemu kubwa, bado inatokana na kibati, msokoto na chupa. Hilo silisemi ili kumpa mtu kibali cha kudharau HPV. Nalisema kwa sababu mtu akishaamini kwamba kansa ya mdomo ni ugonjwa wa uasherati, atakificha kidonda chake mpaka kitoe harufu.

Na kuchelewa ndiko kunakoua, si jina la kirusi. Kabla ya ugomvi ule wa simu, kidonda kilikuwa kimeshazunguka sana. Duka la dawa walimpa amoksilini. Ikaisha, akapewa nyingine. Zahanati moja wakasema ni fangasi, wakampaka jivii, ulimi ukawa wa zambarau na kidonda kikaendelea na shughuli zake. Jirani akaleta mtaalamu wake, aliyemtazama kooni na kusema tatizo ni kimeo kimerefuka, akate. Bahati nzuri mjomba ni mwoga wa wembe. Nawalaumu wa zahanati kuliko huyo wa kimeo, maana wao walisoma. Kupaka jivii mara ya kwanza si kosa. Kumpaka tena mtu yuleyule, pale pale, bila kumwambia nenda hospitali kubwa, hilo sijalimeza mpaka leo.

Nikamleta Mtwara, tukaenda kitengo cha meno, hospitali ya Ligula. Watu wengi hawajui kwamba daktari wa kinywa na meno kazi yake si kung'oa tu. Daktari tuliyemkuta, dada kijana mno machoni pa mjomba, akamwamkia shikamoo, akamkalisha, akaanza na shingo kabla ya mdomo. Alisimama nyuma ya kiti, akapitisha vidole chini ya taya, akashuka kando ya koo hadi kwenye mtulinga, taratibu, akitafuta tezi ngumu isiyouma. Ndipo akamwambia atoe ulimi. Akaushika ncha kwa kipande cha shashi usiteleze, akauvuta upande wa kulia akamulika, akauvuta kushoto akamulika, akamwambia aubandike juu ya kaakaa ili aone sakafu ya mdomo. Akakiminya kidonda kwa kidole chenye glavu. Kando yake palikuwa pagumu, pameinuka kama ukingo, na pembeni kulikuwa na doa jekundu. Alituambia baadaye kwamba utando mweupe usiofutika humtia wasiwasi, lakini doa jekundu humtia wasiwasi zaidi. Kazi yote ile haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Hakuna mashine iliyotumika, ni tochi na vidole.

"Mzee, hiki kina muda gani?" ndilo swali alilouliza. Hakuuliza kimetoka wapi.

Kidonda cha kawaida cha mdomoni, kile cha kujing'ata au cha jino lenye ncha, hupona ndani ya wiki mbili. Kikivuka hapo, anataka kukiona. Na kwa zile saratani za koromeo, za HPV, akatuonya kwamba mara nyingi hazina kidonda cha kuonekana kabisa. Mtu huja na uvimbe shingoni usiouma, anadhani ni tezi tu. Au sikio linamuuma upande mmoja na sikio lenyewe ni zima. Au chakula kinakwama, sauti inakwaruza, na mafua hana. Pia hakuna kipimo cha kumchunguza mtu asiye na dalili, kama kile wanachofanyiwa akina mama cha mlango wa kizazi. Anayekuuzia kipimo cha "HPV ya mdomo" ili ujue kama uko salama anakuuzia wasiwasi, kwa sababu hata kikisema unacho, hakuna dawa ya kukiua kirusi chenyewe na yaelekea mwakani hutakuwa nacho.

Wakapiga ganzi, wakakata kinyama kidogo, kikatumbukizwa kwenye fomalini kwenda maabara. Majibu yalirudi na lile neno. Baada ya hapo ni barabara: basi la alfajiri kutoka stendi ya Mkanaledi, Mnazi Mmoja ya Lindi, Nangurukuru, daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Dar. Muhimbili upasuaji, Ocean Road mionzi. Sitasimulia yote, mengine ni ya kwake. Ila moja niliandike kwa sababu liliwashtua ndugu: kabla ya mionzi walimng'oa meno mabovu yote. Ukoo ukahamaki, mgonjwa wa ulimi anang'olewa meno? Kumbe taya likishapigwa mionzi huwa gumu kupona, na jino likija kung'olewa baadaye mfupa unaweza kuoza. Mate nayo hupungua sana, mdomo unakauka. Mjomba sasa anatembea na chupa ya maji popote alipo, anakula uji na wali bokoboko, maneno yake yana kitembe, na bado anatoa amri kwenye ukoo kama kawaida.

Mtu aliniuliza kama ingekuwa heri kansa yake ingekuwa ya HPV. Swali la ajabu, lakini lina jibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa wa saratani ya koromeo: baada ya miaka 3, kati ya wale wa HPV asilimia 82 walikuwa hai, na kati ya wasio wa HPV asilimia 57. Ya HPV husikia matibabu vizuri zaidi. Aliyekuwa nayo lakini ni mvutaji mkubwa, sehemu ya nafuu hiyo humpotea. Sigara haikosi kudai chake.

Kuna jambo ambalo nimelitafakari sana tangu hapo. Sisi ni watu wa unyago. Kungwi anamweka mwali ndani na kumwambia mambo ambayo mimi mwalimu siwezi kuyaandika ubaoni. Hakuna kiungo kisichotajwa, kwa wimbo na kwa ngoma. Halafu mwanamke huyohuyo akifika kwa mganga mkuu anaona haya kusema koo linamuuma upande mmoja. Ningekuwa na madaraka, habari ya chanjo ya HPV ningeipeleka kwa makungwi kabla ya kuipeleka kwa wakuu wa shule. Wao ndio wanaosikilizwa, na umri wa wali wengi wa siku hizi ndio umri wa chanjo.

Maana chanjo ipo, na ndiyo sehemu ambayo "sambaza uokoe maisha" ingepaswa kuitaja. Tanzania ilianzia Kilimanjaro mwaka 2014, ikaieneza nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hiyo dozi moja haikutoka hewani. Sehemu ya ushahidi wake imetoka Mwanza, kwa wasichana wa Kitanzania waliogawanywa kupewa dozi moja, mbili au tatu, damu zao zikafuatiliwa kwa miaka. Na kwa kinywa, kule Costa Rica wanawake waliochanjwa walipopimwa miaka michache baadaye, maambukizi ya kinywani ya namba 16 na 18 yalikuwa pungufu kwa asilimia 93 kuliko kwa wasiochanjwa.

Mpwa wangu alipoletewa fomu shuleni, mama yake alitaka kukataa: inafunga kizazi, wanasema. Nikamwambia ndani ya ile sindano hakuna kirusi. Kuna ganda lake tu, kama ganda la korosho lililokwisha kutolewa korosho: hata ukilifukia shambani haliwezi kuota, ila kwa kulishika tu mtu anajua korosho ikoje. Wataalamu wawili wa Australia, Ian Frazer na Jian Zhou, ndio waliogundua mwaka 1991 namna ya kulitengeneza ganda hilo tupu. Mwili unalisoma, unaandaa kinga, basi. Dada alikuwa amekulia kwenye magunia ya korosho, hilo halikumpa shida. Akatia saini. Chanjo haiponyi aliyekwisha kuambukizwa, ndiyo maana wanachanjwa wadogo; si kwamba kuna mtu anawafikiria vibaya.

Nilipofundisha mada ya virusi muhula huu, mvulana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono: kama wanaume ndio wanaokibeba zaidi mdomoni, mbona wanaochanjwa ni wasichana tu? Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na watu wazima. Nikamweleza kwamba Australia inawachanja wavulana tangu 2013 na Uingereza tangu 2019, na kwamba kwetu bado hawamo kwenye mpango. Kuna wakati dozi zilikuwa haba duniani, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakashauri wasichana watangulie, kwa sababu mlango wa kizazi ndio unaoua wengi. Wasichana wengi wakichanjwa, kirusi kinakosa pa kupita na wavulana nao wananufaika. "Kwa hiyo usalama wangu uko kwenye bega la dada yangu?" akauliza. Nikamwambia kwa sasa ni hivyo, na kama dada yake ana miaka kati ya 9 na 14 na hajachanjwa, aende kituo cha afya na mzazi, chanjo ni bure.